Kabla ya Kubadili Kamba za Taa, Tuulize Dari

Wanachuo wenzangu, habari kwamba ukumbi wetu utaachana na kamba za mkono na kufungiwa mfumo wa uzito wa kusawazisha ni njema. Miaka yote taa za jukwaani zimepandishwa kwa misuli: wanne wanavuta, mmoja anafunga kamba kwenye kigingi, waliobaki wanaomba Mungu. Bomba lenye taa 12 za kilo 8 kila moja lina kilo 96 kabla hujahesabu nyaya. Likianguka kutoka mita 6 linafika chini kwa mwendo wa kilomita 39 hivi kwa saa. Ni sawa na kuangukiwa na bodaboda.

Ila nasikia kikundi cha sanaa kitaombwa kifungue vya zamani na kufunga vipya wikiendi, eti kubana matumizi. Hapo mimi nakataa.

Mfumo mpya ni kama mizani ya sokoni. Upande mmoja kuna bomba la taa, upande wa pili kibebeo chenye vipande vya chuma, na kati yao waya zinazopita kwenye kapi za darini. Pande zikilingana, mtu mmoja anapandisha kilo 200 bila kutoka jasho. Raha sana, lakini dari haina raha hiyo: inabeba taa kilo 200 na vyuma kilo 200 kwa pamoja. Tena kamba za zamani zilikuwa na breki yake ya asili, kwamba mikono ikishindwa mzigo haupandi. Sasa mikono haitashindwa, na kila tamasha tutashawishika kuongeza taa mbili tatu. Nani atatuambia basi, imetosha?

Halafu kuna utaratibu wa kupakia. Bomba likiwa chini, kibebeo kiko juu. Unafunga taa kwanza, ndipo mwenzako wa juu anaongeza vyuma. Kuondoa ni kinyume: vyuma vinatoka kwanza, taa mwisho. Sababu ni rahisi. Bomba likizidi uzito likiwa chini, halina pa kwenda. Kibebeo kikizidi uzito kikiwa juu, kinashuka kama jiwe kisimani na bomba linarushwa darini. Kufuli la kamba halitakuokoa, maana limewekwa kutuliza mzigo uliokwisha kulingana. Na kamba ikianza kukimbia, usiidake. Itaondoka na ngozi ya viganja. Piga kelele, watu watoke.

Mtu aliyechoka saa nne usiku baada ya onyesho, anayewahi kurudi hosteli, ndiye atakayegeuza utaratibu huo. Ndiyo maana maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi isimamie mambo matatu. Kwanza, mhandisi wa majengo akague dari na aandike kiwango cha juu cha kila bomba, kibandikwe ukutani. Pili, kazi ya kufungua na kufunga ifanywe na mafundi wa vifaa vya kunyanyulia mizigo, jukwaa likiwa tupu. Nchi ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na OSHA wapo. Waitwe wakague kabla hatujatumia. Tatu, mafunzo yawe ya kila mwaka. Sisi wa ualimu tunalijua hili vizuri: wanaojua leo watahitimu miaka mitatu ijayo, na ujuzi wao utaondoka nao.

Mtaniambia hela hakuna. Sawa, tuanze na mabomba mawili yaliyofungwa ipasavyo, taa nyingine zikae kwenye stendi sakafuni. Onyesho litakuwa na mwanga kidogo kwa mwaka mmoja. Hilo tunaweza kulivumilia.