Nani ameacha mila?

Katika mikutano yetu juu ya desturi za wazee, hakukosi mutu wa kusimama na kusema: "Mwacha mila ni mutumwa." Kisha anaelekeza kidole upande wetu sisi walimu. Eti tunaharibu watoto na ordinatere. Eti telefone imeua hadithi za jioni, mutoto hajui tena jina la babu yake. "Ile mambo ya bazungu, njo inamaliza batoto beetu." Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi zamani. Leo ninakataa, na nitaeleza sababu.

Kwanza, lile neno "mambo ya bazungu". Kobalti ya Kolwezi iko ndani ya betri za telefone dunia nzima. Tunaichimba, tunaibeba, tunapumua vumbi yake, halafu tunaambia mutoto kwamba kifaa kile si chake. Hapo mutumwa ni nani?

Pili, wazee wetu hawakuogopa chombo. Waluba walikuwa na lukasa: ubao mudogo wa kushika mukononi, umepambwa kwa ushanga na simbi. Mutu wa chama cha Mbudye aliishika kwa mukono wa kushoto, akapitisha kidole cha mukono wa kuume juu ya ushanga, akasimulia majina ya wafalme, safari za koo, fasi takatifu za nchi. Historia ya ufalme muzima ilikaa juu ya kipande cha muti. Sasa nani ataniambia kwamba kuweka ukumbusho ndani ya chombo ni ugeni kwetu?

Lakini angalieni namna walivyofundisha. Lukasa ilisomwa kwa kidole. Bila kuigusa, hausomi kitu. Na katika Mbudye mutu alipanda ngazi kwa ngazi, hakuruka. Vilevile kwa wayeyushaji wa shaba, wale waliotengeneza misalaba iliyotumika kama feza hapa Katanga mbele ya Wabelgiji kufika. Kijana alijifunza kazi ya moto karibu na moto, chini ya macho ya fundi. Hiyo ndiyo mila: mukono kwanza, maneno makubwa baadaye.

Sasa tuingie kalasi. Miaka mingi nilifundisha informatiki kwa chaki. Nilichora klavie ubaoni, herufi kwa herufi, wanafunzi wakakopia kwa kaye. Niliwaandikisha ordinatere ni nini, wakashika kwa kichwa, wakapata pointi nzuri. Mumoja wao, aliyepata 18 juu ya 20, alirudi kunisalimia kisha kupata diplome. Alikuwa ameitwa kwa jaribio la kazi ya biro. Walimuketisha mbele ya mashine. Aliniambia: "Mwalimu, sikujua hata fasi ya kuiwashia." Hakunilaumu. Afazali angenilaumu.

Basi tusidanganyane. Aliyeacha mila si mutoto mwenye telefone. Ni sisi walimu tunaofundisha chombo bila chombo. Ni muzazi anayeuliza pointi tu, asiulize mutoto anaweza kufanya nini. Mutihani wa Serikali unatawala shule zetu tangu 1967: kile kisichoulizwa kwa karatasi kinatupwa, na mukono hauulizwi kwa karatasi.

Ninajua mutajibu nini. Kuranti hakuna. Feza hakuna, elimu ya bure ya 2019 ilikuwa ya shule ya musingi, sekondari muzazi akabakia kulipa. Ni kweli yote. Lakini telefone ziko ndani ya mifuko ya wanafunzi, na sisi kazi yetu ni kuwanyanganya. Mwaka mumoja niliacha kunyanganya. Niliwapanga watano watano, telefone moja kwa kila kundi, na ordinatere moja ya zamani kwa kalasi nzima. Kila kundi liliendea muzee, likarekodi simulizi la ukoo wake, likaliandika kwa Kiswahili, likatafuta kwenye ramani vijiji alivyotaja. Kuranti ikikatika, tuliandika kwa karatasi na kungojea. Kundi moja likakuta wazee wawili wa ukoo mumoja wanapingana juu ya nani alivuka Lualaba kwanza. Wanafunzi walibishana siku mbili: tumuamini nani, na kwa sababu gani? Kijana aliyezoea kuuliza vile hatameza kila uongo unaopita kwa WhatsApp. Na majina ya babu zao, wanayajua.

Ndiyo, telefone inaharibu pia. Usiku watoto wanaangalia mambo ya haya. Kisu nacho kinakata. Lakini baba hakuficha kisu mupaka kijana aoe. Alimupa, akakaa karibu, akamuonyesha namna ya kukishika. Sisi tunaficha muchana, na usiku tunamuacha peke yake nacho. Halafu tunashangaa damu.

Ninaomba jambo moja kwa chama chetu. Wazee munao, na kila mwaka tunazika wengine pamoja na mambo wanayojua. Watoto wenye vifaa tunao sisi kwenye shule. Tuwakutanishe. Na yule atakayesimama mukutano ujao kusema mwacha mila ni mutumwa, nitamuuliza tu: wewe mwenyewe, mutoto wako umemupa nini mukononi, na ulikaa karibu naye siku ngapi?