Kabla ya kuongeza dozi

Mwandishi, hapo unaposema mwili ukizoea dawa basi dozi ipandishwe, naomba nikupinge. Mwanangu ana ADHD, tatizo la umakini na utulivu, na anatumia dawa ya methilfenidati. Mwaka jana mwalimu alilalamika kwamba ikifika saa tano asubuhi mtoto hatulii tena, na ndugu wakasema mwili umeshaizoea dawa. Daktari hakugusa dozi. Aliuliza mtoto analala saa ngapi, anakula nini, anameza dawa saa ngapi. Alikuwa anameza saa kumi na mbili na nusu, kabla ya basi la shule, na kidonge cha kawaida hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne tu! Akabadilishiwa kile kinachotoa dawa polepole, na sasa anafika mchana vizuri. Sisemi kwamba mwili hauwezi kuizoea dawa. Watafiti Marekani waliona dozi isiyobadilika kutwa hupungua nguvu kadiri saa zinavyokwenda, ndiyo maana Concerta, aina ya methilfenidati iliyoidhinishwa huko mwaka 2000, hutoa dawa kwa kiwango kinachopanda. Na wewe mama uliyeandika hapo juu kwamba unamwongezea mwanao nusu kidonge mwenyewe, nakusihi sana, mpigie daktari kwanza, apimwe presha, mapigo ya moyo na uzito.