Mbegu za shosho si kesi tena

Wasee, mlijua hii? Kwa miaka kadhaa sheria ya Kenya ilisema ukiuza ama ukibadilishana mbegu zisizoidhinishwa, unaweza kufungwa miaka 2 au upigwe faini ya hadi shilingi milioni 1. Yaani shosho wa Nyamira akibadilishana mbegu za chinsaga na jirani, ni kesi! Wakulima wadogo 15 wakaenda kortini, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Heshima kwao.

Lakini ruhusa bila mbegu ni hewa. Sisi wa Kisii mjini tumezoea pakiti za duka. Nyanya za haibridi huzaa poa, ila ukipanda mbegu zake unapata mchanganyiko. Moneymaker, aina ya zamani, hutoa nyanya ileile.

Ni rahisi: chagua nyanya iliyoiva kwa mmea wenye afya, kamua mbegu, loweka siku 3, osha, anika kivulini. Huna shamba? Ndoo iliyotobolewa chini inatosha.

Ukienda ushago Disemba, usirudi na ndizi pekee. Muulize shosho mbegu zake anaweka wapi, na akuonyeshe, kabla hajachoka kulima.