Mwanafunzi wa Miaka 41



Wiki hii tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeiandaa, kwa sababu ya barua moja. Imeandikwa na dada yetu, mama wa watoto watatu, mkazi wa Mbagala jijini Dar es Salaam. Ametuomba tusimtaje jina, nasi tumelihifadhi. Ametukubalia tuyaeleze yaliyomo, kwa kuwa anaamini nyumba yake si ya pekee yenye jambo hili.

Mumewe ana umri wa miaka 41. Kwa miaka 14 alikuwa mtunza stoo wa kiwanda. Mwaka jana kiwanda kilipunguza wafanyakazi, naye akawa miongoni mwao. Alirudi nyumbani na barua, malipo yake ya mwisho, na ahadi kwamba kazi nyingine itapatikana. Tangu siku hiyo huvaa shati lililopigwa pasi kila asubuhi, huaga, na kusema anakwenda kuulizia kazi.

Miezi mitatu iliyopita, dada yetu akiwa anafua, alikuta unga wa mbao ndani ya mifuko ya suruali ya mumewe. Hakuuliza. Siku chache baadaye mume alirudi na kigoda kidogo, mguu mmoja mfupi kuliko mingine, akasema amekipata kwa bei rahisi njiani. Mwishowe shemeji ndiye aliyefichua siri. Alimwona nduguye Keko, katika karakana ya samani, amevaa nguo kuukuu, akipiga msasa ubavu wa kitanda, huku akielekezwa na kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamwota.

Dada yetu anauliza: akiba iliyobaki inaweza kulisha nyumba kwa miezi mitano tu. Shemeji zake wanasema pesa ile ingenunua pikipiki ya bodaboda. Yeye mwenyewe alitaka wafungue genge. Mume amekwenda kuwa mwanafunzi, kwa posho isiyotosha nauli na chakula cha mchana, tena kwa siri. Je, amkabili na kumkatisha, au anyamaze?

Dada yetu, jibu letu ni hili: usimkatishe, wala usinyamaze. Tuvumilie tukueleze sababu zake.

Umri si kosa

Tumezoea kuona ufundi ukianzwa mapema. Kijana akimaliza darasa la saba au kidato cha nne na asiendelee na masomo, hupelekwa kwa mjomba mwenye gereji au kwa jirani mwenye cherehani. Hata Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa ni mwenye miaka 15 hadi 35. Mtu wa miaka 41 anayeanza kujifunza hujikuta hana kundi. Si kijana wa kusaidiwa, wala si mzee wa kupumzishwa. Tunadhani hii ndiyo sababu mumeo anavaa shati la ofisini kwenda kwenye vumbi la mbao.

Lakini tukumbuke kisa cha Nabii Musa (a.s.). Alilelewa katika jumba la mfalme, akafika Madyan akiwa mtu mzima, mkimbizi asiye na kitu. Akakubali kumtumikia mzee mmoja, si kwa maneno ya juu juu, bali kwa makubaliano yenye muda uliotajwa: miaka minane, na kama atapenda mwenyewe, kumi. Mtu wa jumba la mfalme hakuona haya kuanza upya. Na Nabii Zakaria (a.s.), kama tulivyofundishwa na Mtume wetu (s.a.w.), alikuwa seremala. Kazi ya mumeo basi haina unyonge, na umri wake hauna aibu. Swali la haki ni moja tu: je, anajifunza kwa mpango, au anatangatanga?

Pesa ya miezi mitano

Shemeji zako hawakukosea kuuliza habari ya pesa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kiwango cha chini cha kiinua mgongo kuwa mshahara wa siku saba kwa kila mwaka kamili wa utumishi, na inataja hesabu isiyozidi miaka 10. Kwa kiwango hicho, aliyetumikia miaka 14 huishia kwenye mshahara wa siku 70. Hata ukiongeza malipo ya likizo na ya notisi, si pesa ya kuchezea.

Hatuwadharau madereva wa bodaboda. Wengi wanasomesha watoto kwa kazi hiyo, na ni kweli kwamba pikipiki huleta shilingi tangu siku ya kwanza. Lakini pikipiki huchakaa, na siku inapolala gereji, mwenye nayo hana kitu mkononi. Ufundi huchelewa kulipa, ila haubaki gereji.

Hapa ndipo penye shida ya kweli. Mtu hawi seremala kwa miezi mitano. Miezi ya mwanzo hufagia, hubeba mbao, hushika ncha ya ubao mwenzake anapokata, na hupiga msasa. Kisha hufundishwa kupima na kuweka alama, kupiga randa mpaka uso wa ubao ulale sawa, na kuchonga tundu na ulimi ili vipande vishikane bila kutegemea misumari. Mpaka apewe kitanda cha mninga akikamilishe peke yake, mwaka unaweza kupita. Akiba ni ya miezi mitano, safari ni ya mwaka au zaidi. Pengo hili halizibwi na siri. Linazibwa na watu wawili waliokaa chini na kalamu.

Mambo matatu ya kuandika

La kwanza ni hesabu ya nyumba. Andikeni kodi, chakula, ada na nauli, kisha mwone nini kinaweza kupunguzwa. Lile genge lako, dada, lisiwe mshindani wa karakana, liwe mwenzake. Anza na dogo, mlangoni, kwa kiasi ambacho kikipotea hakitawaangusha. Na mkubaliane kitu kimoja kwa msisitizo: hakuna mashine itakayonunuliwa mwaka huu. Tunawajua wanaume waliotumia kiinua mgongo chote kununua mashine ya randa kabla hawajajua kunoa randa ya mkono. Kwa sasa pesa yenu inanunua muda wa kujifunza.

La pili ni makubaliano na fundi. Sura ya Al-Baqarah, katika aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni, na wema wa kuandika hauishii kwenye madeni. Waandike: atajifunza kwa muda gani, atafundishwa nini na kwa mpangilio upi, posho ni kiasi gani na itaongezeka lini, chombo kikivunjika ni juu ya nani, akiumia itakuwaje. Waweke na tarehe ya kupimana. Ikifika mwezi wa sita bado anafagia tu, na hajawahi kukabidhiwa patasi, basi huyo hakuchukua mwanafunzi, amepata kibarua wa bei nafuu. Hapo mumeo aage kwa heshima na kutafuta karakana nyingine.

La tatu ni cheti. Wengi waliojifunzia mtaani hudhani cheti ni cha waliokaa darasani tu. Sivyo. VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliopata ujuzi nje ya vyuo, na kuwapa cheti wanaofaulu. Vyuo vyake pia hutoa kozi fupi. Mumeo afike katika chuo kilicho karibu naye, aulize masharti na gharama mapema, ili ajue tangu sasa anaelekea wapi.

Alichonacho mkubwa

Tuseme pia ukweli usiopendeza. Mwili wa miaka 41 si wa miaka 17. Jicho la kuona karibu huanza kudhoofika katika umri huu, na alama ya penseli juu ya mbao inataka jicho zuri. Miwani ya kusomea si anasa kwake. Mgongo utauma, ajifunze kubeba. Vumbi la mbao hudhuru mapafu, avae barakoa. Na msumeno wa umeme hausamehe mtu mwenye mawazo. Mwanamume anayewaza siri yake ya nyumbani huku mkono uko karibu na meno ya msumeno yuko hatarini. Hii pekee ni sababu tosha ya kuimaliza siri hiyo.

Lakini mumeo hakwenda mikono mitupu. Miaka 14 ya stoo imemfundisha kuhesabu, kuandika kilichoingia na kilichotoka, na kujua bidhaa inapungua kabla haijaisha. Ni familia gani ya Kiislamu isiyojua kungoja kanzu kwa fundi hadi usiku wa kuamkia Idi? Karakana nyingi hazianguki kwa kukosa ujuzi. Huanguka kwa kupokea malipo ya awali ya wateja watano, kutumia pesa ya huyu kununua mbao za yule, na kukosa daftari la kuonyesha nani anadai nini. Mumeo amwendee fundi wake na kumwambia: nitakutunzia daftari la mbao na la oda, nawe uniongezee posho. Huenda pengo la pesa tulilolitaja likaanza kuzibika hapo.

Na yule kijana mwenye ndevu changa? Katika nchi yetu jambo hili lina adabu yake, wala halihitaji kubuniwa. Asubuhi kijana atampa mumeo shikamoo, naye ataitikia marahaba. Baada ya hapo mumeo atauliza: "Leo tunaanza na nini, fundi?" Heshima ya umri imetolewa, na heshima ya ujuzi imerudishwa. Hakuna aliyepungua.

Gharama ya kuficha

Tumerudi kwenye siri, kwa sababu tunaona ndiyo inayoigharimu nyumba yenu kuliko kitu kingine. Fundi mpya hupata wapi wateja wa mwanzo? Si barabarani. Huwapata kwa jirani ambaye kiti chake kimelegea, kwa shangazi ambaye mlango wa kabati umetoka kwenye bawaba, na msikitini ambako rafu ya misahafu imeinama. Hawa humpa kazi ndogo, humvumilia akikosea, na humtaja kwa wengine akifanya vizuri. Lakini hawawezi kumpa kazi mtu wanayedhani bado anatafuta ofisi. Kila siku anayolivaa lile shati anawafukuza wateja wake mwenyewe.

Kuna watoto pia. Wataambiwa na wengine kama hawataambiwa na baba yao. Mtoto anayejua kwamba baba yake anajifunza kazi mpya ana jambo la kujivunia. Mtoto aliyeambiwa na wenzake kwamba baba yake anafagia karakana ya watu amepewa jambo la kuonea haya, ingawa kazi ni ile ile.

Hatuwezi kukuahidi, dada yetu, kwamba mwisho utakuwa mwema. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu (s.w.). Wapo wanaoanza wakaona mikono haikubali, na wapo wenye madeni ambayo hayawezi kungoja mwaka. Mkishahesabu na kuona haiwezekani, mtakuwa mmeamua kwa kujua, na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Tunachokuomba ni kwamba uamuzi usitoke kwa shemeji, wala kwa aibu.

Kwa wasomaji wetu wengine tuna ombi dogo. Mkimwona mtu mzima akishika randa kwa mara ya kwanza, msimsemee pembeni. Mpelekeeni kiti kibovu.

Nawe dada, usiku wa leo watoto wakishalala, kitoe kile kigoda ukikalie mbele yake. Mwambie unajua kimetoka kwenye mikono ya nani. Usimtajie shemeji, wala pikipiki. Mwambie tu kwamba mguu mmoja ni mfupi, na ungependa aurekebishe hapa hapa nyumbani, mchana, mlango ukiwa wazi. Kisha leta kalamu na daftari.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aitilie baraka nyumba yenu na kazi ya mikono yake. Wabillahi tawfiq.