Kiti cha Kushoto

Mwezi huu tunapanda gari. Najua wapo dada zangu watakaotaka kuruka ukurasa huu wakidhani ni habari za akina kaka na injini zao, lakini naomba mvumilie kidogo, maana siku hizi ndani ya gari la mke na mume ameingia mtu wa tatu. Haongei, hali, hachangii mafuta, ila anaona na kusikia kila kitu. Mtu huyo ni kamera.

Nazungumzia zile kamera ndogo zinazoenea kiganjani, zinazobandikwa kwenye kioo, kwenye boneti au kwenye bampa. Wengi huziita GoPro hata kama ubavuni pameandikwa jina jingine, kama tulivyozoea kuiita kila dawa ya meno Colgate. Kampuni yenyewe ilianzishwa Marekani mwaka 2002 na Nick Woodman, kijana mpenda kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, aliyetaka njia ya kujipiga picha akiwa huko huko majini. Kamera yake ya kwanza ilitoka mwaka 2004 na ilitumia filamu ya kawaida ya milimita 35, ile ya kupeleka studio ikasafishwe. Leo vidude hivyo vimetoka baharini vikahamia kwenye magari ya watu ninaowafahamu, na ndivyo nilivyojikuta nimealikwa Ilongero.

Ilongero ipo kaskazini mashariki ya mji wa Singida, chini ya saa moja kwa gari, kwenye njia ya kwenda Mtinko na Haydom. Mwezi wa Agosti huko ni kukavu kweli kweli. Alizeti imeshavunwa, mashamba yamebaki mabua, na vumbi likipanda halina haraka ya kushuka. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo ameolewa na mpenzi wa magari, na shemeji yangu huyo pamoja na wenzake kutoka Singida mjini na Dodoma walikodi shamba la mzee mmoja kwa siku mbili ili waendeshe wanavyotaka bila kuhatarisha mtu barabarani. Wazo zuri sana, nasema wazi. Walichora njia ya mzunguko kuzunguka shamba, kona wakaziwekea madumu ya njano ya mafuta ya kula, na gari likawa linaingia moja moja, dereva na abiria wake wamevaa kofia ngumu na kufunga mikanda. Mzee mwenye shamba alitoa sharti moja: mtoto yeyote akionekana karibu na uzio, injini zote zizimwe. Tulimwitikia, "Sawa mzee," na siku ile zilizimwa mara nne.

Magari yalikuwa ya kila aina. Subaru mbili, Altezza moja, Escudo ya mzee kijana mmoja wa benki, na IST iliyochekwa mpaka ilipomaliza mzunguko mbele ya Altezza kwa saa ya mkononi. Na kila gari lilikuwa na kamera.

Nilijifunza mambo ambayo sikuyajua. Kile kikombe cha mpira kinachonyonya kioo hakishiki kwenye vumbi, ni lazima ufute kioo kwa spiriti kwanza, na hata hivyo kamera ifungwe kamba nyingine ya akiba, kwa sababu ikichomoka kwenye boneti inaweza kumpiga mtu. Ukiiacha nyuma ya kioo juani wakati gari limesimama, inapata joto na kujizima yenyewe, halafu mwenye gari anafanya mzunguko wake bora wa siku bila ushahidi. Ukiiweka nje, upepo unameza sauti zote. Ile programu ya kutuliza mtikisiko ni nzuri kamera ikiwa nje, lakini ikiwa ndani ya gari inachanganyikiwa. Inajitahidi kuituliza dunia ya nje, matokeo yake dashibodi na usukani vinaelea kama vipo kwenye ngalawa. Kijana wa IST aliijua siri hiyo, akaizima, na video yake ikawa safi kuliko zote.

Shemeji aliifunga yake nyuma, katikati ya viti viwili vya mbele, ikawa inaona mikono yake kwenye usukani, kioo, barabara, na nusu ya mke wake upande wa kushoto. Fundi wa kamera angemsifu, hapo ndipo picha inapokuwa na maisha. Ila hapo pia ndipo sauti ya ndani inaposikika vizuri zaidi.

Jioni tulirudi Singida mjini, tukaagiza kuku wa kienyeji, na kama mnavyojua kuku wa Singida hachukui dakika kumi kuiva, kwa hiyo kompyuta ikawekwa mezani tukaanza kuangalia video. Ilikuwa raha, watu wanapiga makofi, wanataniana. Ikafika zamu ya Subaru ya shemeji. Kona ya kwanza, sawa. Kona ya pili, ile yenye mchanga, tukasikia sauti ya rafiki yangu, ndogo tu: "Punguza." Gari halikupunguza. Baada ya muda: "Baba, punguza." Watu wakacheka. Mara ya tatu akasema, "Punguza jamani," na baada ya hapo hakusema tena. Mkono wake ukapanda ukashika kishikio cha juu ya mlango, goti likawa linaruka kila kona ikikaribia, yaani mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo upande wake haipo. Mizunguko mitatu mizima. Meza yote ikawa kimya.

Shemeji akasema, "Mimi sikusikia kabisa."

Mkewe akajibu bila kumtazama, "Mwaka wa sita huu husikii."

Kitu ambacho wengine pale hawakukijua, na ambacho rafiki yangu ameniruhusu kukiandika, ni kwamba tangu safari yao ya Babati ya Desemba iliyopita hajapanda gari na mumewe kwenda mbali. Akienda kwao anapanda basi na watoto wawili, na kila mara anatafuta sababu: mara gari limejaa mizigo, mara yeye anatangulia. Mume anaamini sababu zote. Ndoa yao ni nzuri, tena ya kuonewa wivu, lakini ndani yake kuna mwanamke anayemwogopa mumewe kwa jambo moja tu, pale anaposhika usukani.

Sasa tuwe wakweli. Mimi ninamwamini shemeji aliposema hakusikia. Kofia ngumu kichwani, injini inalia, mawe yanagonga chini ya gari, macho na akili vyote viko mbele. Dereva wa namna hiyo hasikii sauti ndogo. Lakini kamera haina kona ya kuwaza, ndiyo maana ilisikia. Na hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema vidude hivi ni vya kujionyesha tu.

Kujionyesha kupo, sikatai, na ni kwa zamani. Mwaka 1976 mtengeneza filamu wa Ufaransa, Claude Lelouch, alifunga kamera mbele ya gari, chini kabisa karibu na barabara, akalipitisha katikati ya Paris alfajiri kwa mwendo wa kutisha, taa nyekundu hazioni, njiwa wanaruka. Filamu haifiki dakika kumi. Mwishoni gari linasimama juu ya kilima cha Montmartre na mwanamke anapanda ngazi kumlaki dereva. Miaka mingi watu waliisifia kama mapenzi ya kweli, mwanaume anakimbilia miadi! Baadaye Lelouch mwenyewe alieleza kwamba gari lilikuwa Mercedes yake, na ule mlio wa injini uliowapagawisha watu ulikuwa wa Ferrari, uliwekwa baadaye. Barabara hazikufungwa. Waliokuwa wakivuka asubuhi ile hawakuulizwa kama wanataka kuwa kwenye mapenzi ya mtu.

Ninachokipenda kwenye kisa hicho ni ile kamera kuwekwa chini. Jaribuni wenyewe. Kamera ikikaa juu kwenye kioo, na kwa kuwa lenzi zake zinatazama pana sana, kilomita 80 kwa saa zinaonekana kama gari la mazishi. Ishushe karibu na tairi, ardhi ipite puani mwake, na kilomita 40 zitaonekana kama ndege inataka kuruka. Kwa hiyo kaka zangu, kama shida ni video, shusheni kamera na si kuongeza mwendo. Aina nyingine za kamera zinaandika na namba ya spidi kwenye picha kwa kutumia setilaiti. Ushauri wangu, namba hiyo izimwe. Mwanaume akiona 97 anataka 100, sijui nani aliwaroga.

Na kamera itoke gari likishatoka shambani. Wawili kati yetu waliziacha zinarekodi kwenye barabara ya kurudi mjini, na niliona video hizo pia: mama na baiskeli, ng'ombe, watoto wa shule, kibao cha 50 kikipita kama hakijaandikwa kitu. Shamba tulikodi, barabara ile ni ya watu.

Turudi kwenye kiti cha kushoto. Kwenye mbio za magari kiti hicho si cha abiria. Anakaa msoma ramani, ana daftari lenye kila kona, ukali wake na umbali wake, na anamsomea dereva kabla jicho la dereva halijafika. Dereva anaingia kwenye kona asiyoiona kwa kuamini sauti ya mwenzake. Huku kwetu historia hiyo tunayo. Mbio zilizokuja kuitwa Safari Rally zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliposhinda mwaka 1965 na Volvo, pembeni yake alikaa ndugu yake, Jaswant. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na mara hizo nne za mfululizo msoma ramani wake alikuwa Mike Doughty. Lakini katika mashindano kadhaa ya kimataifa aliyekaa kushoto kwake, au kulia kutegemea gari, alikuwa Yvonne, mke wake. Fikiria mume na mke ndani ya kofia ngumu, mke anasema punguza, na kupunguza ni sehemu ya ushindi.

Wasoma ramani hao wana kitu ambacho rafiki yangu hakuwa nacho, nacho ni waya. Kwenye magari ya mashindano kofia zimefungwa vipaza sauti, wanaongea masikioni. Hakuna anayetegemea kwamba mapenzi yatapenya kelele za injini.

Stori hii ya Yvonne niliisimulia pale pale mezani, kuku ameshafika, ili tu kuvunja ukimya. Shemeji hakusema neno. Ila Jumapili asubuhi nilimkuta rafiki yangu amekaa kwenye jiwe pembeni ya shamba na daftari la mwanawe la shule, lile la mistari, anatembea njia nzima kwa miguu na kuandika. Kona saba. Alizipa namba, moja kali kabisa, tano ya kupita tu, na ile ya mchanga aliiandikia kwa herufi kubwa. Simu mbili zikapigwa na kuachwa wazi, vidude vya kusikilizia vikaingia masikioni chini ya kofia, na Subaru ikaondoka.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa ovyo. Alichelewa kusoma kona mbili, mume akaingia vibaya, dumu moja likaruka. Wakasimama katikati ya njia, na sisi tuliokuwa mbali tuliona tu mikono ikienda huku na huku ndani ya gari, ugomvi wa kweli. Nilidhani atashuka. Hakushuka. Wa pili ukawa bora, na wa tatu walimaliza wakiwa wamezidiwa sekunde nne na muda wake wa Jumamosi. Shemeji alipoambiwa zile sekunde nne uso ulimshuka, ni binadamu, ila sikumsikia akiomba kurudia peke yake.

Video ya Jumapili nimeiona. Mchanga unapokaribia mke anasema, "Punguza, punguza, sasa," na mlio wa injini unashuka pale pale. Goti lake halirukiruki, maana mapaja yamebeba daftari.

Shemeji aliomba kadi ya kumbukumbu ya kamera akazikate video zote mbili aziunganishe. Ya Jumapili alipewa. Ya Jumamosi rafiki yangu aliifunga kwenye kitambaa akaitia kwenye pochi, akasema ya kwake. Desemba wanakwenda Babati, na basi bado hajakata tiketi.