Aliongoza Jimbo, Jina Lake Likakosekana Daftarini

Wapo ndugu zetu ambao, kila anapotajwa mwanamke katika uongozi wa dola, hukimbilia kuuliza kama inajuzu. Leo hatukusudii kuufungua mjadala huo. Wasomao Surat an-Naml wanajua kuwa lililolaumiwa kwa Malkia wa Sabaa ni kuabudu jua. Tunalotaka kuwaelekeza wasomaji wetu ni maisha ya mama mmoja wa Kiislamu wa jimbo la Assam, India.

Syeda Anwara Taimur alizaliwa mwaka 1936. Alisoma Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, kisha akafundisha elimu ya uchumi katika chuo cha wasichana mjini Jorhat. Mwaka 1972 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo, na Desemba 1980 akawa Waziri Kiongozi wa Assam, mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kushika cheo hicho katika jimbo lolote la India. Serikali yake haikutimiza hata mwaka. Juni 1981 jimbo likawekwa chini ya utawala wa moja kwa moja kutoka Delhi. Siku hizo Assam ilikuwa ikiwaka kwa maandamano ya kudai wageni waondolewe, na ghadhabu hiyo iliwaangukia sana Waislamu wenye asili ya Bengal.

Miaka ikapita. Tarehe 30 Julai 2018 ilitolewa rasimu ya Daftari la Raia wa Assam, ambamo kila mtu alitakiwa kuthibitisha kwa hati kwamba yeye au wazazi wake walikuwemo nchini kabla ya tarehe 25 Machi 1971. Watu wapatao milioni 4 hawakuonekana ndani yake, na miongoni mwao alikuwa yeye, aliyepata kuliongoza jimbo lile lile! Alifariki Australia mwezi Septemba 2020. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Ikiwa yamemfika yeye, mwenye elimu na cheo, hali ya mama wa kijijini ilikuwaje? Wanawake wengi wa Assam waliolewa wakiwa wadogo, wakahamia vijiji vya waume zao, na hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha shule cha kuonesha kwamba fulani ndiye baba yao. Kaka zao walikuwa na hati za ardhi na vyeti vya masomo.

Hapa ndipo tunapojiuliza sisi wenyewe. Binti asiye na hati ya kumtambulisha kwa baba yake atadaije fungu lake la mirathi, alilogawiwa na Mwenyezi Mungu katika Surat an-Nisaa, siku ndugu watakapomgeuka? Tunaona watu wakichinja akika kwa furaha, jina likatangazwa, pilau ikaliwa, na cheti kisifuatiliwe mpaka mtoto atakiwapo shuleni. Kwa mabinti wengine hata siku hiyo ya shule haifiki. Tunapendekeza kwamba katibu wa kila msikiti, aalikwapo kwenye akika, amuulize baba wa mtoto swali moja kabla ya dua: cheti umekwisha kukiomba?