SAUTI PIA NI MALI

Kila tunapoulizwa tunataka kuwa nani maishani, majibu ni yale yale: daktari, rubani, mwanasheria, injinia. Thubutu kusema utaishi kwa sauti yako, uone darasa litakavyoangua kicheko. "Ati kuimba! Kwani hiyo nayo ni kazi?" Mimi nasema ni kazi. Tena sauti ni mali, na mali isiyochungwa huliwa na fisi.

Hebu tuanze karibu na nyumbani. Maryam Mursal ni mzaliwa wa Galkayo, Somalia. Alianza kuimba Mogadishu akiwa msichana mdogo, akachanganya nyimbo za Kisomali na jazz wakati ambapo wanawake waliothubutu walikuwa wachache mno. Mwaka wa 1986 aliimba "Ulimada", wimbo ulioikosoa serikali ya Siad Barre kwa mafumbo. Akapigwa marufuku kuimba kwa miaka miwili. Je, alikaa akilia? La hasha! Alishika usukani wa teksi. Halafu vikaja vita, vile vile vilivyowaleta wakimbizi Dadaab kuanzia mwaka wa 1991. Mama huyu alitoka na watoto wake watano, wakasafiri miezi mingi hadi Djibouti, na hatimaye akapata hifadhi Denmark. Mwaka wa 1998 albamu yake, The Journey, ilitolewa Uingereza. Serikali iliyomziba mdomo ilikuwa imeshaanguka. Sauti ilibaki.

Najua kuna atakayeuliza, "Na mwimbaji akikosa jukwaa, atakula nini?" Swali zuri. Jibu ni kwamba sauti ina mashamba mengi. Shamba moja ni filamu za katuni. Wale wanyama mnaowacheka kwenye televisheni hawana koo. Kuna binadamu aliyesimama mbele ya maikrofoni akawapa sauti.

Mmoja wao alikuwa Peggy Lee, mwimbaji wa jazz wa Marekani aliyewahi kuimba na bendi ya Benny Goodman. Disney walipotengeneza katuni ya Lady and the Tramp, iliyotoka mwaka wa 1955, alitunga nyimbo zake pamoja na Sonny Burke, kisha akatia sauti wahusika wanne: mama mwenye nyumba, mbwa jike aitwaye Peg, na paka wawili watundu. Mtu mmoja, viumbe wanne! Hiyo si bahati nasibu, ni ujuzi.

Lakini uhondo wenyewe uko hapa. Kwa kutia sauti alilipwa dola 3,500 tu. Zaidi ya miaka 30 baadaye, filamu ile iliuzwa kwa kanda za video, mamilioni ya kanda. Mwimbaji hakupata mgao wake. Mwaka wa 1988, akiwa bibi wa miaka 68, aliipeleka kampuni hiyo kubwa mahakamani. Silaha yake ilikuwa nini? Karatasi! Mkataba wake wa zamani ulimpa haki juu ya nakala zitakazouzwa kwa umma. Mwaka wa 1991 mahakama iliamua alipwe zaidi ya dola milioni 2. Kama angetia sahihi bila kusoma, au kama angeitupa ile karatasi, angebaki mikono mitupu.

Kwetu sisi wa Kaskazini Mashariki, jambo hili si geni. Wazee wetu wanajua kwamba anayekariri gabay la mwenziwe hana budi kumtaja aliyelitunga. Hiyo ni hakimiliki ya jadi, hata kabla ya Bunge letu kupitisha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Na hapa katika soko la mifugo la Garissa, nani huuza ngamia kabla ya kukubaliana bei? Mbona basi kijana aimbe harusini, asome matangazo, arekodiwe, kisha aambiwe "asante, endelea hivyo hivyo"? Asante haijazi sufuria.

Wala tusidhani katuni ni mambo ya ng'ambo tu. Tinga Tinga Tales, hadithi za wanyama wetu wa Afrika, ilichorwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka wa 2010. Katuni zikichorwa hapa kwetu, sauti zetu pia zina nafasi. Nani anajua hadithi za fisi na simba kutushinda sisi?

Kwa hivyo nawaomba walimu mtie kazi za sauti katika orodha mnapotushauri kuhusu ajira. Wazazi nao wasiogope. Kuna sauti ya habari, ya hadithi, ya mafunzo, na zote ni za heshima. Nanyi wenzangu mnaong'ara katika mashairi na maigizo, fanyeni mazoezi, lakini msomeni pia namna ya kuandikiana mikataba. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.